Mbio Zinazosimama kwa Makonyo

Asubuhi moja ya msimu wa karafuu, jua limeshachomoza, nilikimbia nje ya Chake Chake, kisiwani Pemba, na baba mmoja, binti yake na mwanawe wa kiume wa miaka minane mwenye usonji. Walikuwa wakijizoeza kwa mbio za kuchangisha fedha kwa ajili ya usonji. Kilimani, pembeni mwa majamvi yaliyoanikwa karafuu, mtoto akasimama. Akachutama na kuanza kupanga makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, moja nyuma ya jingine, vichwa vyote upande mmoja. Dadake akamvuta mkono. "Muache, mwanangu," baba akasema. "Akimaliza mstari wake atanyanyuka."

Tulingoja dakika nne.

Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni: mtoto huwasiliana kwa njia yake, hupenda mambo yajirudie vilevile, na sauti au mguso usiotusumbua sisi huweza kumuumiza yeye. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza watoto 11 wa namna hiyo, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wa huko wakawalaumu akina mama kwamba hawana mapenzi. Kwetu mama huambiwa mtoto ana shetani. Lawama ni ileile, imebadilisha kanzu tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 543,000 Pemba. Kama kadirio hilo linatufaa na sisi, tuna zaidi ya watu 4,000. Wewe umekutana na wangapi barabarani?

Ndiyo maana mbio hizi nazipenda. Dar es Salaam, taasisi ya Lukiza huandaa Run4Autism, na kila 2 Aprili, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007, wengi duniani hutembea au kukimbia kwa ajili ya usonji. Ila nimeshaona mbio zilizoanzishwa kwa honi na spika kubwa kama za harusi, na watoto wenyewe wameziba masikio nyuma ya gari. Bendera inatosha kuanzishia. Familia zitangulie nusu saa kabla ya umati. Na siku chache kabla, mtoto aoneshwe picha za safari nzima kwa mpangilio: viatu, barabara, mwembe, maji, nyumbani. Akijua kinachofuata, hofu hupungua. Kukimbia hakuponyi usonji, ingawa watoto wengi hutulia kwa muda baada ya mazoezi.

Na fedha? Fulana zisizimalize. Pemba ilikuwa miongoni mwa sehemu tatu za kwanza, pamoja na Bangladesh na Pakistan, ambako Shirika la Afya Duniani lilijaribu kipimo cha ukuaji wa watoto wasiozidi miaka mitatu. Kipimo hicho hakitambui usonji, lakini kinaonesha kuwa mhudumu wa hapahapa kisiwani anaweza kukaa na mama na kuuliza maswali yenye maana: mtoto akiitwa jina hugeuka? Hunyoosha kidole kukuonesha kitu? Wahudumu wa namna hiyo wafundishwe wengi. Fedha nyingine ningezitia kwenye kufundisha kuogelea, kwa sababu baadhi ya watoto hawa huponyoka nyumbani bila kuaga, maji huwavuta, na sisi tumezungukwa na bahari.

Pale kilimani, mwenye majamvi alikuwa akituangalia muda wote. Mwisho akauliza, "Mwanangu, huyu mtoto ana nini?"

Baba alisita. Kisha akajibu, kwa mara ya kwanza, aliniambia baadaye, mbele ya mtu asiyemjua: "Ana usonji, bi mkubwa."

"Ndiyo nini hiyo?"

Mtoto alikuwa ameshamaliza mstari na kunyanyuka. Safari hii sisi ndio tuliomchelewesha, dakika kumi nzima.