Koo za Seli za Binadamu katika Utafiti wa Ugonjwa wa Parkinson wa Kurithi: Suala la Uteuzi

Ugonjwa wa Parkinson huambatana na kufa polepole kwa seli za neva zinazotengeneza dopamini katika ubongo wa kati. Wagonjwa walio wengi hawana jeni moja inayoweza kutajwa kuwa chanzo cha maradhi yao. Hata hivyo, wapo wachache ambao kwao ugonjwa hupitia katika familia kwa kasoro ya jeni moja, na ni hao waliowafungulia watafiti mlango. Badiliko la kwanza lilitambuliwa mwaka 1997 katika jeni ya alfa-sinukleini, miongoni mwa familia zenye asili ya Italia na Ugiriki. Mwaka uliofuata watafiti wa Japani waliitambua jeni ya Parkini kwa wagonjwa walioanza kuugua wangali vijana. Baadaye zikafuata DJ-1, PINK1 na LRRK2.

Kwa kuwa neva za ubongo wa mgonjwa aliye hai haziwezi kukatwa na kuchunguzwa, sehemu kubwa ya maelezo kuhusu namna kasoro hizo zinavyodhuru seli imetokana na koo za seli, yaani seli za binadamu zinazooteshwa maabara kizazi baada ya kizazi. Makala haya yanashikilia kwamba ukoo wa seli si chombo kisichoegemea upande. Kila ukoo una jeni ulizozipoteza na nyingine ulizozizidisha, na jibu analolipata mtafiti hutegemea hali hiyo kuliko inavyokiriwa katika sura nyingi za mbinu za utafiti.

Mfano ulio wazi zaidi ni HeLa. Seli hizi zilitoka katika saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyetibiwa Baltimore mwaka 1951, na zilichukuliwa bila ridhaa yake. Hazina uhusiano wowote na ubongo. Isitoshe, hazitengenezi Parkini kwa kiasi kinachotambulika. Jeni hiyo imo katika eneo la kromosomu ya 6 ambalo huvunjika kwa urahisi katika seli za saratani. Mtu angedhani kwamba seli isiyo na Parkini ingekuwa ya mwisho kuteuliwa na mtafiti wa Parkini. Kinyume chake, upungufu huo ndio ulioipa thamani. Mtafiti anapoingiza Parkini iliyotiwa alama ya kung'aa, anajua kwamba Parkini yote anayoiona ni ile aliyoiingiza mwenyewe, na seli ambazo hazikuingiziwa hubaki kuwa za kulinganishia.

Kwa njia hiyo, mwaka 2008 Derek Narendra, Richard Youle na wenzao walionyesha kwamba Parkini, ambayo kwa kawaida husambaa katika saitoplazimu, hukimbilia mitokondria zilizopoteza chaji ya utando wake, kisha mitokondria hizo humeng'enywa na seli yenyewe. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba PINK1 hujikusanya juu ya mitokondria iliyoharibika na ndiyo inayoiita Parkini. Hivyo jeni mbili zilizogunduliwa katika familia tofauti kabisa zikaonekana kuwa hatua mbili za kazi moja.

Ugunduzi huo ni mkubwa, lakini mipaka yake imo ndani ya seli ileile. Chaji iliondolewa kwa kemikali ya CCCP, ambayo huziathiri mitokondria zote kwa mpigo, jambo ambalo ni vigumu kulifikiria katika ubongo wa mzee anayeugua kwa miaka mingi. Parkini nayo iliingizwa kwa wingi usio wa kawaida. Aidha, seli ya saratani hujipatia nishati kubwa kwa kuvunja glukosi bila kuhitaji mitokondria, ilhali seli ya neva huzitegemea mno. Kilichothibitishwa, basi, ni kwamba njia hiyo ipo. Kwamba kuharibika kwake ndiko kunakoua neva za dopamini ni dai jingine, linalohitaji seli nyingine.

SH-SY5Y, ambao asili yake ni sampuli ya uboho ya mtoto wa kike wa miaka minne mwenye saratani ya neva, mara nyingi huletwa kama suluhisho. Ni kweli una sifa za neva. Lakini ni wa saratani, una kromosomu 47, na seli zake huendelea kugawanyika, jambo ambalo neva komavu haifanyi.

Mbinu iliyotangazwa kwa seli za binadamu mwaka 2007 na kundi la Shinya Yamanaka ilibadili hali hii. Seli za ngozi hurudishwa kuwa seli shina, kisha huelekezwa kuwa neva za dopamini zenye jenomu ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2011 neva za namna hiyo, kutoka kwa mgonjwa ambaye jeni yake ya alfa-sinukleini imejirudia mara tatu kwenye kromosomu moja, zilionekana kuwa na protini hiyo maradufu, sawasawa na hesabu ya nakala nne badala ya mbili. Tatizo lililobaki ni la ulinganisho, kwa kuwa watu wawili hutofautiana kwa jeni nyingi. Wapo wanaobeba badiliko la G2019S katika LRRK2 wasiugue kamwe. Kwa hiyo ulinganisho unaoaminika ni wa seli za mgonjwa na seli zake hizohizo zilizosahihishwa herufi moja tu. Hata hapo, urejeshaji hufuta alama za uzee, na neva zinazopatikana hufanana zaidi na za kijusi.

Umuhimu wa jenomu kamili ulidhihirika mwaka 2023, badiliko katika jeni ya GBA1 lilipohusishwa na ongezeko la hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo Wanigeria. Badiliko hilo limo katika introni, sehemu ambayo hukatwa na kutupwa kabla ya protini kutengenezwa. Nakala za jeni zinazoingizwa katika HeLa kwa kawaida huwa zimekwisha kuondolewa introni, hivyo jaribio la aina ile haliwezi kulionyesha badiliko hilo hata likirudiwa mara mia. Kwa watu wenye asili ya Ulaya badiliko hilo karibu halipo. Seli za wagonjwa wa huko hazilibebi, na mtafiti anayetaka kulichunguza hana budi kulihariri ndani ya seli hizo au kupata, kwa ridhaa, seli za Waafrika wenyewe.