Kuku Wanaokula Mayai Yao, na Namna ya Kuwakomesha

Wafugaji wengi wa kuku, wa mashambani na hata wale wafugao kuku wachache nyuma ya nyumba mjini, wamepata kuliona jambo hili: kuku ametaga, amelia kwa sauti kuwatangazia watu, lakini aendaye kulitwaa yai hukuta nyasi zimelowa na vipande vya ganda tu. Hasara yake si ndogo. Mayai mawili yakiliwa kila siku, kwa mwezi ni mayai 60, yaani trei mbili nzima, ambazo zingaliwapa watoto chakula cha kujenga mwili, au zingaliuzwa zikanunua madaftari.

Kwanza imempasa mfugaji kuhakikisha mwizi ni nani. Nyoka humeza yai zima asiache ganda. Nguchiro na panya nao hupenda mayai, na dawa yao ni banda lisilo na matundu. Kuku mla mayai hutambulikana kwa kiini kilichogandia mdomoni au kwenye manyoya ya shingo, na pia kwa mayai yaliyosalia kiotani, ambayo huwa yamepakwa kiini.

Mara nyingi mwanzo wa tabia hii ni yai lililovunjika lenyewe. Kuku hulidonoa, akaonja, akapendezwa. Kisha hujifunza kugonga hata mayai mazima. Wenzake humtazama wakaiga. Basi swali la kujiuliza ni moja: yai la kwanza lilivunjika kwa sababu gani?

Sababu kubwa ni ganda dhaifu. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, nalo hujengwa tumboni mwa kuku kwa muda wa saa 20 hivi, sehemu kubwa ikiwa ni usiku. Kuku asiyepata chokaa ya kutosha katika chakula huitoa katika mifupa yake mwenyewe, na hiyo nayo ikipungua, hutaga mayai ya ganda jembamba, au laini kama ngozi. Sasa angalia chakula tunachowapa. Mahindi karibu hayana chokaa kabisa, na protini yake ni kama asilimia 8 au 9 tu, hali kuku atagaye sana huhitaji kiasi cha asilimia 16. Kuku alishwaye mahindi matupu ana njaa ya vitu viwili, na vyote viwili vimo ndani ya yai.

Kwa hiyo mpe chakula cha kuku wa kutaga, au uongeze omena waliosagwa na mashudu ya alizeti katika kile cha nyumbani. Tena weka kopo la pembeni lenye chokaa ya mifugo au makombe ya pwani yaliyopondwa, kila kuku ale kadiri ya haja yake. Kopo hilo lisiwe tupu wakati wa jioni, maana kazi ya usiku ndiyo hiyo. Usiwape chokaa ya kujengea nyumba, kwani huunguza. Maganda ya mayai ya jikoni yafaa sana, ila yakaushwe motoni na kusagwa yawe unga. Ukiwatupia yakiwa vipande, utakuwa umewafundisha mwenyewe kwamba yai ni chakula.

Hata hivyo, chakula chema chaweza kushindwa na joto. Kuku hatoki jasho; hujipoza kwa kuhema, na katika kuhema hupoteza hewa ambayo mwili huitumia kutengeneza ganda. Ndiyo sababu wafugaji wa Mombasa au Garissa huona maganda membamba zaidi miezi ya joto kali. Kivuli, hewa na maji baridi ya kutosha mchana kutwa husaidia.

Sababu ya pili ni kiota. Kuku wawili wakigombea kiota kimoja, au mmoja anayeatamia akikikalia kutwa, mayai hukanyagwa. Kiota kimoja kiwatoshe kuku wanne au watano, kiwe na upana wa sentimeta 30 kila upande, chenye nyasi kavu au maranda mengi chini. Kining'inizie kipande cha gunia mlangoni ili kiwe na giza, kwa kuwa kuku hadonoi sana asichokiona. Kuku wengi hutaga asubuhi. Basi okota mayai mara mbili kabla ya saa sita mchana, na mara moja tena jioni. Hilo halina gharama yoyote, nalo pengine lina nguvu kuliko mengine yote.

Kuna watu wanaotoboa yai, wakamwaga kilichomo na kulijaza pilipili. Bidii hiyo ni ya bure. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Ndio hao wanaokula pilipili kichaa na kuzieneza mbegu zake. Afadhali uweke kiotani yai la mti au jiwe laini lenye umbo la yai. Kuku hugonga, huumia mdomo, hukata tamaa.

Kuku waliofungiwa mahali padogo hudonoa cho chote kwa uchovu wa kukaa bure. Wafungulie wachakure, au uwaning'inizie fungu la sukuma wiki kwa kamba.

Aliyezoea sana mtenge peke yake, au umtengenezee kiota chenye sakafu ya kuinama kidogo, ili yai liviringike nyuma ya ubao asipolifikia. Ikiwa baada ya majuma mawili au matatu hajaacha, mchinje. Asiuzwe kwa jirani kama kuku wa kutaga, kwani atakwenda kuwafundisha wa huko.