Kumsikiliza Mtoto ni Ulinzi

Ulinzi wa nchi hauishii mpakani. Katika Wilaya ya Rusizi, sehemu iliyojulikana zamani kwa jina la Cyangugu, askari wa zamu huwaona alfajiri akina mama wakivuka kwenda Bukavu kuuza mboga na matunda, na jioni huwaona wakirudi. Asichokiona ni nyumba walizoziacha vilimani, na watoto waliobaki mikononi mwa jirani au jamaa. Aghlabu watoto hao huwa salama. Lakini wako wasio salama, na adui wao hana bunduki wala hapiti mpakani.

Adui huyo hajulikani kwa kusoma vitabu peke yake. Ndiyo maana wanafunzi wa ustawi wa jamii, uuguzi na ualimu hupaswa kwenda vijijini kujifunza kwa vitendo. Darasani huelezwa kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kwamba nchini Rwanda analindwa na Sheria Na. 71 ya mwaka 2018. Utafiti uliofanywa nchini humo mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba takriban nusu ya wasichana, na wavulana 6 katika kila 10, walipata kutendewa ukatili wa namna fulani utotoni. Mara nyingi mtenda ukatili alikuwa mtu anayejulikana kwa mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

Somo la kwanza la kijijini, basi, ni kutazama na kusikiliza. Mwanafunzi huhudhuria vikao vya jioni vya wazazi, na hufuatana na Marafiki wa Familia, yaani mwanamume mmoja na mwanamke mmoja waliokabidhiwa jukumu hilo katika kila kijiji. Hutambua kwamba mtoto aliyeacha kucheza ghafla, au anayeogopa kurudi nyumbani, huenda anasema jambo pasipo kutamka neno.

Somo la pili ni gumu zaidi, nalo ni kujua kazi yake inakomea wapi. Mwanafunzi si mpelelezi. Mtoto akimfunulia jambo, hapaswi kumtia maneno kinywani, wala kumwahidi siri asiyoweza kuitunza, wala kuwakutanisha wazee ili yaishe kwa mbuzi na pombe. Suluhu ya namna hiyo humrudisha mtoto mikononi mwa aliyemdhuru. Wajibu wa mwanafunzi ni kufikisha taarifa siku ile ile. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hazina budi kuanza kutumiwa kabla ya saa 72 kupita, na ushahidi hupotea mtoto anapoogeshwa na nguo zake kufuliwa.

Hapo ndipo vyombo vya usalama vinapohusika. Mwaka 2009 kituo cha kwanza cha Isange, neno lenye maana ya kujisikia nyumbani, kilifunguliwa katika hospitali ya polisi ya Kacyiru mjini Kigali. Daktari, mshauri na mpelelezi walikusanywa mahali pamoja, na huduma ikawa bila malipo, ili mtoto asilazimike kurudia masimulizi yake machungu mlango hadi mlango. Baadaye huduma hiyo ilienezwa katika hospitali za wilaya, ikiwemo ya Gihundwe huko Rusizi. Aidha, mwezi Oktoba 2010 wakuu wa vyombo vya ulinzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakakubaliana kwamba kukomesha ukatili dhidi ya wanawake na wasichana ni sehemu ya kazi zao.

Hata hivyo makubaliano hayo hupimwa kwenye meza ya askari wa zamu. Mwanafunzi aweza kuwa amesikiliza vema, na mama aweza kuwa ametembea kilomita nyingi. Lakini askari akisema "rudi kesho" au "hayo ni mambo ya nyumbani," kazi yote huwa imebomoka. Mtoto aliyesema mara moja akafukuzwa ni nadra kusema mara ya pili. Na ikiwa mtuhumiwa mwenyewe amevaa sare, sare hiyo isiwe kinga yake. Askari amsikilize mtoto, aandike taarifa na aifikishe kwa wahusika siku hiyo hiyo. Huo nao ni ulinzi wa taifa.