Ukitia Nguo Rangi Nyumbani, Weka Ndoo ya Maji Karibu

Katika vijiji vingi kina mama na vijana hutia nguo rangi nyumbani. Wengine hutengeneza batiki za kuuza. Wengine hufunga kitambaa kwa uzi, wakakichovya katika rangi, kikatoka na maua. Wengine huirudishia rangi nguo iliyopauka. Kazi hii ni nzuri. Huleta fedha, na huokoa nguo ambayo ingetupwa.

Lakini kazi hii ina hatari zake. Mimi nafanya kazi katika zahanati ya kijiji. Leo nataka kueleza hatari hizo na njia za kuziepuka. Sikuambii uache kazi yako. Nataka uifanye na ubaki mzima.

Habari ya mama mmoja

Siku moja mchana aliletwa zahanati mama mmoja, mwanachama wa kikundi cha batiki. Alikuwa amefungwa kanga usoni. Mume wake alimleta kwa baiskeli, mwendo wa nusu saa.

Mama yule alikuwa ametia kostiki soda katika kopo. Kisha akaimiminia maji ya moto. Kostiki ikachemka ghafla, ikaruka, ikamwingia katika jicho la kulia. Wenzake walishtuka. Mmoja akampaka mafuta ya nazi. Mwingine akamfunga kanga. Mume akakimbia kuazima baiskeli.

Nilimlaza haraka nikaanza kumwosha jicho. Huku nikimwosha nikamwuliza mume wake, "Baba, pale mlipokuwa hapakuwa na maji?"

Akajibu, "Maji yalikuwepo, daktari. Ndoo mbili za kusuuzia zilikuwa karibu yake. Lakini tuliona tuwahi dawa."

Mama mwenyewe akaniuliza, "Mwanangu, jicho langu litapona?" Sikuweza kumjibu.

Nilimwosha kwa muda mrefu, kisha tukampeleka hospitali. Walimtibu vizuri, lakini kostiki ilikwisha kuunguza kioo cha jicho. Leo jicho lile lina kovu jeupe. Linaona mwanga na kivuli tu.

Ndugu msomaji, dawa ya kwanza ya jicho lile ilikuwa ndani ya ndoo, hatua mbili kutoka pale aliposimama.

Na mimi nina kosa langu. Mwezi mmoja kabla ya siku ile nilikitembelea kikundi kile. Nilizungumza nao juu ya vyoo na maji ya kunywa. Niliona vitambaa vyao vimeanikwa, nikavisifu, nikaenda zangu. Sikuwauliza wanavitia rangi kwa kitu gani. Ndiyo sababu naandika makala hii.

Rangi hushikaje katika nguo?

Zamani watu walipata rangi kutoka katika mimea. Manjano hutoa rangi ya njano. Maganda ya vitunguu hutoa rangi ya njano iliyoiva au kahawia. Majani ya mnili hutoa rangi ya buluu.

Rangi za viwandani zilianza kwa bahati. Mwaka 1856 kijana Mwingereza aitwaye William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Hakupata kwinini. Badala yake alipata rangi ya zambarau ambayo ilishika vizuri katika kitambaa. Tangu hapo wataalamu wametengeneza rangi nyingi sana.

Baadhi ya rangi zinazotumika kwa batiki haziyeyuki katika maji peke yake. Ukizikoroga zinabaki kama vumbi. Kwa hiyo watu huongeza vitu viwili. Cha kwanza ni kostiki soda, ile ile inayotumika kutengeneza sabuni. Cha pili ni haidrosalfaiti, unga mweupe wenye harufu kali kama ya kiberiti. Vitu hivi viwili huifanya rangi iyeyuke na kuingia ndani ya nyuzi za pamba. Ukitoa kitambaa nje, hewa huirudisha rangi katika hali yake ya kwanza, nayo hunasa humo humo. Ndiyo maana kitambaa cha nili hutoka majini kikiwa na rangi ya kijani na njano, kisha hugeuka buluu mbele ya macho yako.

Basi tuziangalie hatari moja moja.

Hatari ya kwanza: kostiki soda

Kostiki huunguza kama moto, lakini haina mwali. Huunguza ngozi, macho, mdomo na koo. Ikiingia machoni haikai juu tu. Huendelea kupenya ndani. Kila dakika inayopita bila kuosha huongeza madhara.

Kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali. Kwa hiyo shika kanuni hii: maji kwanza, kostiki baadaye. Weka maji baridi katika chombo. Kisha tia kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti mrefu. Usiiname juu ya chombo. Usimimine maji juu ya kostiki hata siku moja, na usiitie kostiki katika maji ya moto.

Usitumie sufuria ya alumini wala ndoo ya bati. Kostiki hula vyombo hivyo na kutoa povu na hewa inayoweza kushika moto. Tumia ndoo au beseni la plastiki nene.

Hatari ya pili: haidrosalfaiti

Unga huu ukilowa au ukipata joto hutoa hewa inayochoma pua na kifua. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya. Tena unga huu ukiingiwa na maji kidogo ndani ya kopo unaweza kupata joto wenyewe na kuwaka. Uweke mahali pakavu, katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Uchote kwa kijiko kikavu.

Fanya kazi hii nje, uwanjani, upepo ukitokea mgongoni kwako. Usiifanye jikoni wala ndani ya chumba ulichofunga madirisha. Kitambaa cha kufunga puani husaidia kuzuia vumbi la rangi, lakini hakizuii hewa hii. Kinga yake ni upepo.

Hatari ya tatu: nta ya moto

Watengenezaji wa batiki huyeyusha nta. Nta huyeyuka katika joto dogo kuliko la maji yanayochemka. Hakuna haja ya kuiweka juu ya moto moja kwa moja. Iweke katika kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji. Angalia maji yasikauke, na yasirukie ndani ya nta.

Ukiona nta inatoa moshi, imezidi joto. Iondoe motoni. Ikiwaka, usimwage maji, kwa sababu maji yatairusha nta inayowaka na kukuunguza. Ifunike kwa kifuniko mpaka moto ufe.

Hatari ya nne: mtoto

Hatari hii inazipita zote. Watu wengi hununua kostiki kidogo kidogo. Huifunga katika karatasi, au huiyeyusha na kuitia katika chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Hawezi kujua kwamba leo ina kostiki.

Mtoto akimeza kostiki huungua mdomo na koo. Baadaye makovu yanaweza kuziba njia ya chakula, hata uji usipite. Kwa hiyo usitie kostiki katika chupa ya soda, kikombe, wala kopo la maziwa. Iache katika chombo chake ulichonunulia. Iweke juu, mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Watoto wasiwe uwanjani wakati wa kazi. Apatikane mtu mmoja wa kuwatunza.

Chombo ulichotilia rangi kisirudi jikoni kabisa. Kitie alama, kila mtu nyumbani akijue.

Kabla hujaanza kazi

Hakikisha una vitu hivi:

1. Glavu za mpira zisizotoboka.
2. Miwani ya kukinga macho.
3. Viatu vya kufunika miguu, na nguo yenye mikono mirefu.
4. Mti mrefu wa kukorogea na kugeuzia nguo.
5. Ndoo mbili za maji safi pamoja na kata. Maji haya si ya kusuuzia nguo. Ni ya kuoshea mtu akipata ajali. Yasiguswe kwa kazi nyingine.

Glavu na miwani huuzwa madukani. Kikundi kinaweza kuchanga fedha na kununua za kutumia kwa zamu.

Baada ya kazi

Suuza nguo mara nyingi mpaka maji yatoke meupe. Kisha ifue kwa sabuni. Nguo isiyosuuzwa vizuri hubaki na kostiki, nayo huwasha ngozi. Nguo ya mtoto mchanga ifuliwe mara mbili au zaidi kabla hajavaa.

Usimwage maji ya rangi mtoni, ziwani, wala karibu na kisima. Chimba shimo mbali na kisima, hatua 50 au zaidi, upande wa chini wa mteremko. Shimo lifunikwe, watoto na mifugo wasilifikie. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto.

Ajali ikitokea

Jichoni: Anza kuosha pale pale. Usisubiri baiskeli, usisubiri gari, usitafute maji yaliyochemshwa. Tumia maji safi yaliyo karibu. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, jicho lililoumia liwe chini, ili maji yasiingie katika jicho zima. Fungua kope kwa vidole. Mimina maji taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje. Endelea kwa dakika 30 au zaidi. Kama huna saa, ni kama muda wa kupika wali mpaka uive. Usipake mafuta, maziwa ya mama, ndimu wala dawa yoyote. Usimwache afikiche jicho. Kisha mpeleke zahanati au hospitali, na njiani endeleeni kuosha.

Kwenye ngozi: Vua nguo zilizoingia kostiki. Kama ni kavu, ikung'ute kwanza. Kisha mwagia maji mengi kwa muda huo huo. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno.

Mtu akimeza: Msukutue mdomo kwa maji, ateme. Usimtapishe, kwa sababu kostiki itaunguza koo mara ya pili inapotoka. Usimpe ndimu wala siki. Usimlazimishe kunywa kitu. Mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Chukua na chombo cha kostiki, daktari akione.

Mtu akivuta hewa mbaya: Mpeleke mahali penye upepo safi. Akiendelea kukohoa au kubanwa na kifua, mpeleke zahanati.

Mwisho

Mama yule bado ni mwanachama wa kikundi. Hachanganyi kostiki tena, lakini hupanga maua ya vitambaa, na wateja huvipenda. Kazi ikianza, yeye ndiye anayekagua. Huuliza, "Maji ya macho yako wapi?" Kama ndoo mbili hazipo, kazi haianzi. Nimepita pale mara nyingi baada ya siku ile, na kila mara nimezikuta zimejaa.

Ndugu msomaji, kama kijijini kwako kuna kikundi cha batiki au cha sabuni, wasomee wenzako makala hii. Yule asiyejua kusoma msomee wewe. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini maji hutangulia na kostiki hufuata?
2. Nyumbani kwako kostiki inawekwa wapi? Mtoto anaweza kupafikia?
3. Mwenzako akiingiwa na kostiki jichoni, utafanya nini kwanza? Kwa muda gani?
4. Kikundi chenu humwaga wapi maji ya rangi? Kisima kiko umbali gani?