Ramani ya Msanifu, Nondo za Mhandisi

Mwenye kiwanja Dar es Salaam akisema "ramani ninayo," mara nyingi anazungumzia kazi ya msanifu majengo peke yake: vyumba, madirisha, ngazi na picha ya kupeleka benki. Mhandisi ujenzi hukumbukwa baadaye, na fedha zikibana, malipo yake ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Kazi yake imefukiwa ndani ya zege, na mteja hapendi kulipia asichokiona.

Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, linaonyesha wawili hao wanapoachana. Kwa msanifu, miavuli ya zege kwenye paa ni kivuli, hewa na njia ya kukinga maji ya mvua. Kwa mhandisi, kila mwavuli ni mzigo uliosimama kwa mguu mmoja. Mguu uwe mnene kiasi gani? Nondo ngapi, za milimita ngapi? Udongo wa chini utahimili?

Tanzania imezipa fani hizi bodi tofauti. Wasanifu husajiliwa pamoja na wakadiriaji majenzi. Wahandisi wana bodi yao, chini ya sheria ya mwaka 1997. Kila mmoja anawajibika kwa michoro yake.

Mvutano huanzia kwenye nguzo. Mwenye jengo la biashara anataka duka pana lisilo na nguzo katikati, na msanifu anamchorea. Mhandisi anajibu kwamba nguzo ikiondoka, boriti zitanenepa, nondo zitaongezeka na dari itashuka. Hapo mkadiriaji majenzi hutaja bei ya kila chaguo, na mteja huamua. Mazungumzo hayo yakifanyika mezani, gharama yake ni kuchora upya. Yakifanyika baada ya kumwaga zege, ni kuvunja.

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo hiyohiyo na kuua zaidi ya watu 20. Katika mtaa ambao kila mita ya duka ni kodi, kishawishi cha kuongeza ghorofa au kuchimba chini hakiishi. Nafasi mpya huchorwa na msanifu. Lakini kama nguzo za zamani zitaibeba, hilo ni swali la mhandisi, na huulizwa kabla fundi hajashika sururu.