Kukimbia bila kukimbiza watu: njia tatu kutoka Kabondo



Siku ya kwanza nilipotoka kukimbia hapa Kabondo, sikufika hata mwisho wa avenyu yetu. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado halijaisha vizuri. Nilivaa basketi zangu, nikafungua mlango wa lupango, nikaondoka kwa mbio. Mama mmoja muuza mikate, ambaye alikuwa amewasha jiko lake kando ya njia, aliniona tu, akaacha mafuta kwenye moto, akamshika mtoto wake mkono na kuingia ndani. Nyuma yangu nikasikia watu wengine wawili nao wanakimbia. Hawakuwa kwenye mazoezi. Waliona mtu anakimbia, wakakimbia. Papa mmoja akapiga kelele dirishani: "Mtoto, kuko nini kule? Vita iko?"

Nilisimama. Nikamjibu: "Hapana, papa, niko nafanya sport tu." Alinisema maneno mawili matatu, akafunga dirisha. Na alikuwa na haki.

Katika Kiswahili neno ni moja. Anayefanya mazoezi anakimbia, anayeokoa roho yake pia anakimbia. Kisangani watu wamejua zaidi ile maana ya pili. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana hapa katikati ya mji wetu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na karibu 1,700 waliojeruhiwa. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Vita ile nimeikimbia kwa miguu ya mama yangu. Na si mambo ya zamani tu. Tangu Februari 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga yamefanya watu wengi kuvuka mto na vitu vyao kichwani kutafuta usalama upande wetu.

Kwa hiyo mtu akikuona unakimbia gizani na hajui sababu, usimcheke. Leo nataka kueleza njia tatu ninazopita, na namna ya kuzipita bila kutia watu hofu. Wengi wetu tumemaliza masomo, kazi hakuna, siku inakuwa ndefu na mawazo yanajaa kichwani. Kukimbia hakuombi pesa nyingi. Kunaomba adabu.

NJIA YA KWANZA: WAGENIA

Hii ndiyo ya kuanza nayo, maana njia yake haina vilima vya kuua mtu. Kutoka Kabondo unashuka kuelekea mto, kisha unafuata upande wa juu wa maji mpaka kwenye maporomoko. Mimi, kwa mwendo wangu wa polepole, nakwenda na kurudi kwa muda usiofika saa moja.

Utasikia maji kabla ya kuyaona. Haya ni ya mwisho katika maporomoko saba ya Boyoma, yanayoanza Ubundu na kufika hapa, urefu wa zaidi ya kilomita 100. Juu yake mto unaitwa Lualaba, chini yake unaitwa Kongo. Ni kwa sababu ya maporomoko haya reli ya kilomita 125 ilijengwa upande wa kushoto, kutoka Kisangani hadi Ubundu: meli haiwezi kupita. Wagenia wamesimika miti mikubwa katikati ya mawe na kuifunga kwa kamba za msituni, halafu wanatundika mitego mikubwa yenye umbo la pia, mdomo wazi ukiangalia maji yanakotoka. Samaki akisukumwa na nguvu ya maji anaingia, na hawezi kurudi nyuma.

Ukifika pale, acha mbio, tembea. Pale ni kazini kwa watu na ni nyumbani kwao. Salimia wazee kwanza. Na usipande juu ya mawe kwa kujionyesha: yanateleza, na maji yale hayana huruma na mtu, hata awe na lisanse.

NJIA YA PILI: KANDO YA MTO MPAKA MJINI

Hii inakufaa kama una masomo asubuhi. Unatoka Kabondo kuingia Makiso, unafuata kando ya mto kupita mbele ya katedrali ya Notre-Dame du Rosaire, unafika kwenye vivuko ambapo mitumbwi inapeleka watu Lubunga. Mto pale ni mpana na asubuhi una ukungu. Mtu mwenye mawazo mengi akikimbia dakika kumi akiutazama, anarudi na machache.

Hatari ya hapa ni njia yenyewe. Sisi tunaendesha mkono wa kulia, kwa hiyo wewe kimbia upande wa kushoto, ili gari, moto na toleka zinazopita upande wako zikujie usoni, uzione. Usiweke muziki kwenye masikio yote mawili. Dereva wa toleka hana injini. Kama hukusikia kengele yake, hutamsikia kabisa.

Jambo lingine: ukifika karibu na kituo cha askari, bandari au nyumba ya serikali, tembea. Usipige picha. Beba karte ya mwanafunzi au kitambulisho ndani ya kijifuko cha plastiki ili jasho lisikiharibu. Mtu anayepita mbio mbele ya askari gizani anamletea yule askari swali, na jibu huenda lisikupendeze.

NJIA YA TATU: TSHOPO NA MITI

Hii ni kwa ajili ya mtu aliyezoea. Unaelekea kaskazini mpaka mto Tshopo, kwenye daraja na baraji linalotoa umeme tangu miaka ya 1950. Kama kwenu umeme umekatika usiku mzima, hapa unaweza kukimbia mwenyewe kwenda kuutazama unakotoka. Kando ya maji kuna ile bustani ya wanyama ya zamani. Miti ni mikubwa na hewa ni baridi kuliko mjini.

Daraja hilo nalipita kwa kutembea, kila mara. Mwaka 2000 lilikuwa katikati ya mapigano, na kwa miaka iliyofuata mabomu na mitego ya kivita iliendelea kutafutwa na kuondolewa pembeni ya mji. Kwa sababu hiyo wazazi wetu walitufundisha kufuata njia iliyokanyagwa na wengi. Ni fundisho zuri mpaka leo: usikate njia yako mwenyewe vichakani.

Ng'ambo ya daraja inaanza njia ya Buta. Asubuhi utakutana na vijana wanaosukuma vélo zilizobeba magunia ya makala kuja mjini. Sheria ni moja tu: mwenye mzigo apite kwanza. Akisimama kukupisha wewe unayekimbia kwa hiari yako, kuanza tena kusukuma ni mateso kwake. Makala hayo pia yanakueleza jambo: msitu umerudi nyuma. Kandokando ya mji unaona mashamba na vichaka vilivyoota kwenye mashamba ya zamani. Ukitaka msitu unaolindwa, kuna Hifadhi ya Masako, hektari 2,105, karibu kilomita 14 kutoka mjini kwenye njia ya zamani ya Buta. Wanafunzi wa sayansi wa UNIKIS wanaijua kwa utafiti wao. Pale usiende peke yako na usiende bila ruhusa. Panga na wenzako, mfanye safari ya siku.

MAMBO YA MWILI

Kisangani iko karibu sana na mstari wa Ikweta, na mvua inanyesha kila mwezi. Hewa imejaa maji, kwa hiyo jasho halikauki haraka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo sababu unaweza kuchoka hapa mapema kuliko kitabu cha mazoezi kinavyosema. Kipimo changu ni rahisi: kama siwezi kumsalimia mtu kwa sentensi nzima, nimezidisha mwendo. Kunywa maji safi kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Ukiamka na homa, usiseme "nitaitoa kwa jasho". Malaria haitoki kwa jasho, nenda ukapimwe.

Kwa ba dada: wenzetu wanaokimbia wanasema wanatoka wawili au watatu, wakati watu wameshaanza kuonekana njiani, na kuna mtu nyumbani anayejua watapita wapi. Sisi wanaume kazi yetu ni kuwapisha kwa amani. Usimfuate mtu nyuma gizani, hata kama mnaelekea njia moja. Vuka upande wa pili au sema "jambo" ukiwa bado mbali.

JINSI YA KUTOKA NYUMBANI

Baada ya ile asubuhi mbaya nilirudi kwa yule mama nikaomba samahani na kununua mikate ya franki 500. Alicheka kidogo, halafu akaniambia: "Mwanangu, utembee kwanza. Watu bakuone uso." Sijasoma ushauri bora kuliko huo popote.

Tangu siku ile, dakika tano za kwanza natembea. Napita avenyu yetu nikisalimia: jambo mama, jambo papa, umeamkaje. Navaa nguo ya rangi inayoonekana, si nyeusi. Nikifika kwenye njia kubwa, ndipo naanza mbio. Nikirudi, naacha mbio kabla ya kuingia avenyu yetu. Dakika tano hizo hazipotei, maana mwili nao unahitaji kupata joto polepole.

Sasa watoto wa pale wananifuata mpaka kwenye kona, wanacheka, halafu wanarudi. Wanakimbia na hakuna kitu wanachokikimbia. Wazazi wao wakiwa na umri ule, wengi hawakupata nafasi hiyo.

Kesho, kama mvua haikunyesha, jaribu njia ya Wagenia. Tembea kwanza. Salimia. Wakishauona uso wako, kimbia.