Mtetemo Huu ni wa Saketi au wa Hesabu?

Ukiiga kwenye kompyuta saketi ya kushusha volteji, ile yenye transista inayowaka na kuzima, dayodi na koili, si ajabu kukuta mkondo wa koili umeisha lakini volteji yake haitulii. Mchoro unajaa meno kama ya msumeno. Wengi hukimbilia kubadilisha mipangilio ya programu hadi meno yapotee. Nakusihi usiyafute kabla hujajua yanatoka wapi. Yana vyanzo viwili, na dawa ya kimoja huweza kuficha ubovu wa kingine.

Chanzo cha kwanza ni hesabu yenyewe. Programu nyingi za kazi hii ni uzao wa SPICE, iliyoundwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Programu hukokotoa muda hatua kwa hatua, na kanuni inayotumika zaidi ni ya trapeza: badiliko la mkondo wa koili katika hatua moja hutokana na wastani wa volteji ya mwanzo na ya mwisho wa hatua hiyo. Sasa chukua swichi kamilifu iliyokata mkondo ukabaki sifuri. Mkondo haubadiliki tena, kwa hiyo wastani lazima uwe sifuri. Kama volteji ilikuwa 12, hatua ijayo itakuwa hasi 12, kisha 12, kisha hasi 12, bila kikomo. Koili halisi haifanyi hivyo hata kidogo.

Chanzo cha pili ni saketi yenyewe: koili hutetema kweli pamoja na kapasitansi za vifaa vilivyoizunguka. Kuvitofautisha vyanzo hivi ni rahisi. Punguza hatua ndefu zaidi inayoruhusiwa, tuseme kutoka nanosekunde 10 hadi 1, uendeshe tena na kuukuza mchoro. Meno ya hesabu hugeuka kila hatua, kwa hiyo yatabanana takriban mara kumi. Mtetemo wa saketi utabaki na masafa yaleyale.

Tiba ninayoipenda kwa meno ya hesabu ni kuirudishia saketi uhalisia wake. Wekea dayodi na transista kapasitansi zilizo nazo kweli. Zikifika jumla ya pikofaradi 100, pamoja na koili ya mikrohenri 10, meno yatakwisha na mahali pake utauona mtetemo wa kweli wa karibu megahezi 5. Huo utaukuta hata kwenye bodi. Ukikusumbua, unganisha rezista na kapasita mfululizo, uziweke sambamba na dayodi. Anza na omu 330 na kapasita ya pikofaradi 330, ukikumbuka kwamba kapasita hiyo itakula nishati kila transista inapowaka.

Wapo wanaochagua kanuni nyingine ya kukokotoa hatua, ya Gear, badala ya trapeza, na kweli meno hufutika mara moja. Lakini Gear huzima mitetemo yote, hata ile halali, hasa hatua zikiwa ndefu. Jaribu koili na kapasita tupu, bila rezista: mtetemo wake ungepaswa kudumu, ila kwa Gear utauona ukififia ingawa hakuna kifaa kinachonyonya nishati. Kwa hiyo amplifaya inayosukuma kebo ndefu ikionekana imetulia chini ya Gear, irudie kwa trapeza na hatua fupi kabla hujaagiza bodi.